Bastola, mikono yako au amri ya mahakama: mwanamke wa Kenya achague kinga ipi?

Tangu tarehe 27 Januari 2024, wanawake walipojaza barabara za Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, kuna swali ambalo halinong'onwi tena. Linaulizwa kwenye chama, linaulizwa saluni, linaulizwa kwenye makundi ya WhatsApp: mbona nisitafute leseni, ninunue bastola, nilale usingizi?

Ni swali la haki kabisa. Anayefunga duka la M-Pesa saa tatu usiku, pesa za siku nzima zikiwa ndani ya sidiria, ana kila sababu ya kuliuliza. Mama anayeishi peke yake shambani, kituo cha polisi kikiwa mwendo wa saa nzima, ana sababu zaidi. Kinachonikera ni majibu wanayopewa. Kuna wanaume wenye silaha wanaowaambia kwamba bastola inamaliza kila kitu, na kuna wengine wanaowaambia mwanamke hawezi kushika silaha, atanyang'anywa tu. Wote hao hujibu kabla ya kumuuliza dada mwenyewe anamwogopa nani, ilhali jibu zima linategemea hapo.

Nitalinganisha njia nne ambazo mwanamke wa kawaida nchini Kenya anaweza kuzifikiria: bastola yenye leseni, mafunzo ya kujihami kwa mikono na sauti, dawa ya pilipili ya kupuliza machoni, na amri ya ulinzi ya mahakama. Sheria ninazotaja ni za Kenya. Msomaji wa Tanzania aangalie Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, yenye masharti yake.

Unamwogopa nani?

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulikuta kwamba 34% ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Waliowahi kuolewa au kuwa na mpenzi walipoulizwa ni nani aliyewapiga, aliyetajwa zaidi ni mume au mpenzi waliye naye sasa, akifuatwa na yule waliyeachana naye. Jambazi wa gizani yuko chini sana kwenye orodha hiyo.

Agnes Tirop alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mbio za kilomita 10 za wanawake pekee mnamo Septemba 2021. Mwezi uliofuata alikutwa ameuawa kwa kudungwa kisu nyumbani kwake Iten, na mumewe ndiye aliyeshtakiwa. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwezi Agosti 2024. Wiki chache baadaye, alipokuwa ametoka kanisani na watoto, mwanamume aliyekuwa mpenzi wake alimmwagia petroli na kumchoma moto nyumbani kwake Trans Nzoia, na akafariki hospitalini Eldoret. Mwanamume huyo alikuwa amejipenyeza uani wenyewe wakiwa hawapo. Wanawake hao hawakukosa nguvu, na hawakuwa maskini wasio na uwezo wa kununua kinga. Hatari ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya boma.

Basi kila njia nitaipima mara mbili, kwanza dhidi ya mtu usiyemjua, kisha dhidi ya mtu aliye na ufunguo wa nyumba yako.

Bastola

Nianze na sifa zake, kwa sababu anayezikana anawadanganya wanawake. Bastola haijali nani ana misuli. Mama wa miaka sitini mwenye maumivu ya viungo anaweza kumsimamisha kijana wa kilo tisini akiwa bado mbali, jambo ambalo hakuna ngumi inayoliweza. Mara nyingi kuonekana kwake tu kunatosha, mvamizi akageuka. Kwa mwanamke anayeishi sehemu kama Laikipia au bara ya Kilifi, anakojua fika kwamba akipiga simu ya 999 msaada utafika asubuhi, hizo si sifa ndogo.

Sasa njia ya kuipata. Katiba ya Kenya haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Unaomba, na unaweza kunyimwa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, imeweka Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, na ndiyo inayoamua. Utahitaji cheti cha tabia njema, ripoti ya daktari kuhusu afya yako ya akili, ushahidi kwamba umefundishwa kutumia silaha, na sababu inayoeleweka ya kwa nini unaihitaji. Maafisa wa usalama wa eneo lako watakuhoji na kukuchunguza. Ukishaipata, leseni ina muda wake na lazima ihuishwe. Mwezi Desemba 2018 serikali iliwaamuru hata wale waliokuwa nayo miaka mingi warudi kukaguliwa upya. Mwanamke anayesema "naogopa" tu atapata shida. Anayeleta namba za OB, yaani za kitabu cha matukio cha polisi, za visa alivyoripoti, hati za biashara na maelezo ya jinsi anavyobeba pesa anaeleweka zaidi.

Bastola mpya halali hufika laki kadhaa, kabla hujanunua risasi na sefu ya kuihifadhi. Gharama ambayo wengi huisahau ni mazoezi. Kuna viwanja vya kulenga shabaha, kama kile cha Kirigiti kule Kiambu, na Mombasa kuna klabu ya Bamburi, lakini kila ukienda unalipia uwanja na risasi. Asiye na pesa za kupiga risasi mara kwa mara kwa miaka yote atakayokuwa na silaha hana pesa za bastola, hata kama bei ya dukani ameimudu.

Kitu kimoja wanawake wengi hawaambiwi ni habari ya kukoki. Bastola nyingi za milimita 9 zina chuma cha juu kinachovutwa nyuma ili risasi iingie chemba. Ukikivuta kwa vidole viwili, kitakushinda, na muuzaji ataharakisha kukuletea bastola ndogo zaidi akidhani anakusaidia. Kwa kawaida ile ndogo ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu springi yake ni kali na hupiga teke vibaya ikifyatuka. Shika chuma kile kwa kiganja kizima, lete bastola karibu na kifua huku mdomo wake ukielekea kwenye shabaha, kisha sukuma mbele kwa nguvu mkono ulioshika mpini wakati ule mwingine umekaza nyuma. Wanawake wadogo kabisa wa mwili hufanya hivyo bila shida. Kama mwalimu wako hawezi kukufundisha hilo na badala yake anakucheka, tafuta mwalimu mwingine.

Jambo la pili ni umbali. Mwaka 1983 sajini wa polisi wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika juu ya jaribio alilolifanya: mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani karibu mita sita na nusu, kwa sekunde moja na nusu hivi. Huo ni urefu unaozidi matatu ya abiria 14. Na sekunde moja na nusu ndio muda anaohitaji askari aliyefunzwa kuchomoa bastola iliyo kiunoni na kupiga. Sasa fikiria bastola iliyo ndani ya mkoba wa begani, chini ya leso, funguo na pochi, zipu imefungwa, mkono mmoja umeshika simu. Ukiamua kubeba silaha, ibebe mwilini, ndani ya ala yake inayofunika kabisa sehemu ya kufyatulia. Mkoba huporwa kila siku jijini, na leseni inakufanya wewe ujibu silaha hiyo imekwenda wapi.

Halafu tuje nyumbani. Hapa takwimu zinaumiza, na naomba msomaji asizipite haraka. Jacquelyn Campbell na wenzake walichunguza mauaji ya wanawake katika miji 11 ya Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Mwanamke anayepigwa na mwenzake alikuwa katika hatari ya kuuawa iliyoongezeka karibu mara tano pale mwanamume huyo alipoweza kuifikia bunduki. Afrika Kusini ilipitisha sheria kali ya silaha mwaka 2000, na watafiti wa nchi hiyo walipolinganisha vifo vya mwaka 1999 na vya 2009 walikuta wanawake waliouawa kwa risasi wamepungua sana. Reeva Steenkamp aliuawa tarehe 14 Februari 2013 kwa bastola yenye leseni ya kujilinda, na aliyeifyatua ni mpenzi wake, Oscar Pistorius.

Sasa chukua bastola yako mwenyewe, yenye jina lako. Mwanamume mnayelala kitanda kimoja anajua iko wapi, na baada ya muda atajua namba ya sefu. Ugomvi wa nyumbani hauanzi kwa mtu kuvunja mlango ukapata nafasi ya kujiandaa. Unaanza mezani, wewe umeshika sufuria. Na hata ukiwahi, je, utaweza kumpiga risasi baba wa watoto wako, watoto wakiwa wamesimama mlangoni? Sikulaumu kwa jibu lolote. Nataka tu ulijibu kabla ya kulipa.

Ukifyatua, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinapima kujitetea kwa misingi ya sheria za Kiingereza: nguvu uliyotumia lazima ilingane na hatari uliyoiona kwa wakati ule. Silaha itachukuliwa kuwa kielelezo, utaandika maelezo, na huenda ukalala ndani kabla mambo hayajaeleweka. Usiandike neno kabla wakili hajafika.

Mikono na sauti

Wengi wanaidharau njia hii, lakini ndiyo iliyo na ushahidi mzuri zaidi kwa hali ambayo wanawake wengi wako ndani yake.

Kule Korogocho, Nairobi, kikundi cha akina shosho kiitwacho Shosho Jikinge kimekuwa kikijifunza kujihami kwa miaka mingi, baada ya wanawake wazee kubakwa mtaani. Mazoezi yao hayana mapambo. Kisigino cha kiganja kinapanda kwenye pua. Vidole vinakwenda machoni. Goti linapiga kinena. Akikushika kifundo cha mkono, hushindani na vidole vyake vinne. Unazungusha mkono wako kuelekea pale kidole gumba chake kinapokutana na vile vingine, kwa sababu hapo ndipo pana uwazi, kisha unauvuta kwa mwili wote. Na kila pigo lina kelele: Hapana! Kelele hiyo inawaita majirani na inavunja ule ukimya ambao mbakaji anautegemea. Kubwa zaidi, inakufanya upumue. Mtu aliyeshikwa na hofu huzuia pumzi, na aliyezuia pumzi hana nguvu.

Shirika la Ujamaa-Africa lilipeleka mafunzo ya namna hiyo kwa wasichana wa mitaa ya mabanda ya Nairobi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta idadi ya waliosema wamedhulumiwa kimapenzi ndani ya mwaka imeshuka kutoka 24.6% hadi 9.2%, na zaidi ya nusu ya waliofunzwa walisema wamewahi kutumia mbinu hizo kujiokoa. Utafiti wa baadaye uliokuwa mkubwa zaidi ulikuta tofauti ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo ile namba ya kwanza tuichukue kwa tahadhari. Lakini Kanada nako, mwaka 2015, timu iliyoongozwa na Charlene Senn wa Chuo Kikuu cha Windsor iliwagawa wanafunzi wanawake 893 kwa kura. Waliopata mafunzo ya saa 12 walibakwa kwa kiwango cha 5.2% katika mwaka uliofuata, na wasiopata 9.8%.

Kwa nini saa 12 zifanye kazi kiasi hicho? Mimi nadhani ni kwa sababu mafunzo hayo yanamzungumzia mtu unayemjua. Yanakufundisha kutambua mapema yule kaka wa kanisani anayekutenga na wenzako, anayesisitiza soda ya tatu, anayecheka ukisema unataka kwenda nyumbani. Yanakupa ruhusa ya kumwaibisha. Binti wetu amelelewa asimkatize mtu mzima na asiwe na makelele, na adabu hiyo ndiyo inayomchelewesha zile dakika mbili za mwanzo, wakati mlango bado uko wazi. Silaha haiwezi kumfundisha hayo.

Mipaka ipo. Mbele ya vijana watatu wenye panga, toa mkoba na simu, na usiwaangalie usoni kwa muda mrefu. Mbele ya bunduki, vivyo hivyo. Mafunzo haya hayakufanyi ushinde pigano. Yanakupa nafasi ya kuchomoka na kukimbia. Na kama hufanyi mazoezi, mwili unasahau ndani ya miezi michache. Lakini hakuna anayeweza kuyapora, hayahitaji leseni, na mtoto wako wa miaka minne hawezi kuyachezea akamuua dadake. Chagua darasa ambalo mwalimu anavaa vifaa vya kujikinga na kukuacha umpige kwa nguvu kweli. Darasa la mateke ya juu na mikanda ya rangi ni zuri kwa afya, ila ni la lengo jingine.

Dawa ya pilipili

Inauzwa mitandaoni kana kwamba ni manukato, na hapo wengi wananaswa. Sheria ya Silaha ya Kenya inapofafanua silaha inajumuisha pia kifaa chochote kilichotengenezwa kurusha kimiminika au gesi yenye madhara. Kwa hiyo kikopo kile cha shilingi elfu mbili kinaweza kukufikisha mahakamani kama mtu aliyekutwa na silaha bila leseni. Kazi yake yenyewe ni nzuri nje, mita mbili au tatu, upepo ukiwa nyuma yako. Ndani ya gari au chumba kidogo, mtavuta wote wawili. Kwa hali ya sheria ilivyo, siwezi kukushauri ukibebe. Filimbi kali au king'ora kidogo cha mkononi ni halali, na mtaani kwetu sauti huleta watu upesi.

Amri ya ulinzi

Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inakuruhusu kwenda kwa hakimu kuomba amri ya kumzuia mtu asikupige, asikutishe, asikufuate kazini, hata asikanyage nyumbani. Kukiwa na hatari ya haraka, hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla ya kumsikiliza mshtakiwa. Anayeivunja anatenda kosa la jinai.

Wanawake huniambia karatasi haizuii kisu. Ni kweli, na kuna polisi ambao bado humwambia mama aende akayamalize nyumbani. Hata hivyo karatasi hiyo inafanya jambo ambalo bastola haiwezi: inamtoa nje ya nyumba mchana, kabla ya usiku wa hatari. Na akirudi, huna haja ya kumthibitishia askari kwamba umepigwa. Kurudi kwake tu ni kosa. Uangalifu mkubwa unahitajika katika siku za kuachana. Utafiti ule wa Campbell ulikuta kwamba kumwacha mwanamume anayekudhibiti kila hatua huongeza hatari ya kuuawa, kwa hiyo usimtangazie unaondoka. Ombi la amri, mahali pa kulala na mtu wa kuwapokea watoto viwe tayari kabla hajajua.

Nani achukue ipi

Mwenye duka, anayefunga usiku na kubeba pesa: badilisha saa za kupeleka pesa benki, funga na mwenzako, weka king'ora, nenda ukajifunze mbinu za Korogocho. Ukishafanya hayo na bado unafuatwa, unaishi peke yako au na mtu usiyekuwa na shaka naye hata chembe, na una pesa za kufanya mazoezi miaka yote, bastola ni chaguo la haki kwako.

Mama wa shambani aliye mbali na kituo: wewe ndiye ninayeweza kukuunga mkono bila kusitasita. Anza na mbwa, taa na majirani wa Nyumba Kumi. Omba leseni, nunua sefu siku ileile, na wajukuu wakija risasi zikae mahali pengine.

Msichana wa chuo au anayepanga chumba: mafunzo ya kujihami kwanza. Pesa za bastola zipeleke kwenye nyumba yenye geti na mlinzi anayeaminika.

Unayeishi na mwanamume anayekupiga: tafadhali usilete bunduki ndani ya nyumba hiyo, iwe kwa jina lako au lake. Piga simu 1195, namba ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia, haina malipo. Ukiwa umebakwa, fika hospitali kabla ya saa 72 kupita ili upewe dawa za kuzuia VVU, kisha polisi, upate fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha yako. Kitambulisho, vyeti vya watoto na nakala za hati ya shamba vikae kwa mtu mwingine kuanzia leo.

Na kama mwenye leseni ni yeye, kuna mlango ambao wanawake wachache wanaujua. Leseni ya silaha inaweza kufutwa iwapo mwenye nayo hafai tena kuaminiwa nayo. Ripoti vitisho vyake kituoni, chukua namba ya OB, kisha andika kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha ukitaja jina lake, namba hiyo, na siku aliyokuonyesha bastola au kukutishia nayo. Ambatisha nakala ya P3 kama unayo. Barua hiyo ipitie kwa wakili au kituo cha msaada wa kisheria ikiwezekana, jina lako lisifike nyumbani kabla ya silaha kuchukuliwa, na siku hiyo wewe na watoto muwe mmeshalala kwingine.